Udogo wa KI-: Kivumishi cha Kilatini, Sarufi ya Mvita na Kalamu Nyekundu ya Mwalimu

Utangulizi

Makala haya yametokana na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nasahihisha insha za kidato cha tatu hapa kisiwani Mombasa nilipokutana na sentensi ya msichana mmoja aliyekuwa akisimulia habari za ndugu yake mchanga: "Kitoto chetu kichanga kilikuwa kimelala." Nilishika kalamu nyekundu nikatia duara kwenye maneno manne: chetu, kichanga, kilikuwa, kimelala. Pembeni nikaandika: "Viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA." Nikampunguzia alama.

Kesho yake msichana alinijia na daftari lake la mazoezi ya sarufi. Hakubisha. Alifungua tu ukurasa wa wiki mbili nyuma, palipokuwa na zoezi la kuandika sentensi katika hali ya udogo. Swali lilikuwa "Mtoto mzuri amelala." Jibu lake lilikuwa "Kitoto kizuri kimelala." Kando yake palikuwa na alama ya vyema niliyoitia mimi mwenyewe kwa kalamu ile ile nyekundu. "Mwalimu," akaniuliza, "nishike lipi?"

Sikuwa na jibu. Swali lake, hata hivyo, si la msichana mmoja. Ni swali la kila mtahiniwa anayefundishwa katika somo la matumizi ya lugha kwamba kitoto kimelala, kisha akaadhibiwa katika insha kwa kuandika hivyo hivyo. Makala haya yanadhamiria kulijibu kwa kufuata historia ya udogo katika kivumishi: kwanza katika Kilatini, lugha iliyowalea waandishi wa mwanzo wa sarufi zetu, kisha katika Kiswahili chenyewe, na mwisho katika kazi za fasihi tunazozisomesha.

Udogo katika kivumishi cha Kilatini

Huenda mwalimu mwenzangu akauliza: Kilatini kinatuhusu nini? Kinatuhusu kwa kuwa wamishonari wa karne ya 19 walioandika sarufi za kwanza za Kiswahili walikuwa watu waliosomeshwa sarufi kwa kupitia Kilatini na Kigiriki. Dhana ya "umbo la udogo" waliijua huko kabla ya kuikuta kwetu.

Tuchukue kivumishi kimoja. Katika Kilatini, parvus ni "-dogo". Ukitaka kupunguza zaidi, au kutia huruma na mapenzi, huigusi nomino. Unakishika kivumishi chenyewe na kukitia kiambishi tamati -ul-. Hapo parvus inakuwa parvulus, yaani "-dogo mno" au "-dogo wa kuonewa imani". Baada ya hapo kivumishi hicho hupatanishwa na nomino yake kama kivumishi kingine chochote: parvulus kwa nomino ya kiume, parvula kwa ya kike, parvulum kwa isiyo ya kiume wala ya kike. Mifano mingine ni misellus kutokana na miser ("mnyonge"), na pauperculus kutokana na pauper ("maskini"). Mshairi Catullus, aliyeishi Roma katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alilipenda neno misellus kwa sababu lilibeba huruma ambayo miser peke yake haikuweza kuibeba.

Ona basi kwamba kivumishi hicho cha Kilatini kina vikao viwili. Katika parvula, -ul- ni kikao cha udogo, na -a ya mwisho ni kikao cha upatanisho. Msomaji anaweza kuvitenganisha: hapa mwandishi anatoa hisia zake, na hapa anatimiza tu kanuni ya sarufi.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba udogo huu huchakaa. Kivumishi bellus, ambacho kilizaa bello ya Kiitaliano na belle ya Kifaransa, asili yake ni umbo la udogo la neno lililomaanisha "-ema". Kufikia wakati wa Catullus maana yake ilikuwa tayari "-zuri" na "-a kupendeza". Umbo lilibaki, udogo ukatoweka.

Udogo katika Kiswahili: kikao kimoja

Lugha nyingi za Kibantu zina jozi maalumu ya viambishi vya udogo, ka- katika umoja na tu- katika wingi. Kikuyu na Kikamba zinaitumia hadi leo, na ndiyo sababu wanafunzi wengi kutoka bara husema "katoto kadogo" bila kusita. Kiswahili cha pwani kiliiacha jozi hiyo, na kazi yake ikachukuliwa na ngeli ya KI-VI. Lakini ngeli hiyo ilikuwa na kazi nyingine nyingi. Ndiyo ngeli ya vifaa (kisu, kiti), ya lugha (Kimvita, Kiamu) na ya namna ya kutenda (analia kitoto, anavaa kizungu). Hakuna anayedhani kwamba Kimvita ni Mvita ndogo.

Kanuni za kuunda nomino za udogo zinajulikana, nami nitazigusia kwa muhtasari. Kwanza, kiambishi cha ngeli hudondoshwa na ki- kuwekwa mahali pake: mlima, kilima, mfuko, kifuko, ndege, kidege, mbuzi, kibuzi. Nomino isiyo na kiambishi hutangulizwa ki- moja kwa moja: dau, kidau, baraza, kibaraza. Pili, mzizi wa silabi moja au unaoanza kwa irabu huongezewa -ji-: mti, kijiti, mto, kijito, mtu, kijitu, nyumba, kijumba. Tatu, nomino ambayo tayari imo katika KI-VI huchukua kiji-: kisu, kijisu, kitanda, kijitanda. Hata kitabu, neno la Kiarabu ambalo ki- yake si kiambishi kwa asili, limekuwa kijitabu.

Je, kivumishi nacho? Hapa ndipo Kiswahili kinapoachana na Kilatini. Kivumishi cha Kiswahili hakina umbo la udogo lake chenyewe. Hatuwezi kuipunguza -zuri kama Kilatini kilivyoipunguza parvus. Tunaloweza ni kuipunguza nomino, kisha kivumishi kikaufuata udogo huo kwa upatanisho: kitoto kizuri, kijumba cheupe, vidau vipya. Na kivumishi cha mkopo kisichobadilika hakiuonyeshi udogo hata kidogo: katika "kijumba safi", neno safi halitwambii lolote.

Kwa hiyo ki- ya kizuri inafanya kazi mbili kwa silabi moja. Katika "kikombe kizuri" ni upatanisho mtupu. Katika "kitoto kizuri" ni upatanisho na ni hisia. Penye vikao viwili katika Kilatini, sisi tunacho kimoja, na wawili wamekikalia pamoja. Mwalimu anayeiona ki- kama kanuni tu, anamfukuza mmoja wa waliokaa.

Sarufi ilivyoandikwa Mvita na kwingineko

Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka wa 1844, na Kiswahili alichokikuta na kukiandika kilikuwa hasa Kimvita. Muhtasari wake wa sarufi ulichapishwa mwaka wa 1850, na kamusi yake ikatoka mwaka wa 1882, baada ya kifo chake. Kwa upande wa Unguja, Edward Steere alitoa kitabu chake cha sarufi mwaka wa 1870. Tangu hapo kukawa na njia mbili za kukiandika Kiswahili, moja ikianzia Mvita na nyingine Unguja.

Njia ya Mvita ilipata mtetezi mkubwa katika William Ernest Taylor, mmishonari aliyeishi Mombasa katika miongo ya mwisho ya karne hiyo na kuchapisha mkusanyo wake wa methali mwaka wa 1891. Taylor alishirikiana na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwenyeji wa Mombasa, katika kukusanya tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita aliyefariki mnamo 1840, miaka michache tu baada ya Wamazrui kupoteza utawala wa mji kwa Sayyid Said mwaka wa 1837. Bila kazi ya watu hawa wawili sehemu kubwa ya tungo za Muyaka ingepotea. William Hichens alizihariri na diwani ikachapishwa mwaka wa 1940.

Lakini mwaka wa 1928, katika mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa, ilikatwa kauli kwamba Kiunguja ndicho kitakuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka wa 1930, na chini ya Frederick Johnson kamusi sanifu ikatoka mwaka wa 1939. Sarufi ya Ethel Ashton ilifuata mwaka wa 1944.

Sisemi kwamba usanifishaji ulikuwa kosa, wala kwamba Kimvita hakina upatanisho wa A-WA kwa viumbe hai. Kinao. Ninalosema ni kwamba shule zilihitaji kanuni fupi, na kanuni fupi hupoteza kitu njiani. "Viumbe hai huchukua A-WA" ni kanuni ya kweli. Kipofu ameketi, kiboko amezama, kijana amerudi: yote sahihi. Kilichopotea njiani ni sehemu ya pili: kwamba nomino ya kiumbe hai ikitiwa udogo kwa makusudi, msemaji ana hiari ya kuuendeleza udogo huo katika upatanisho mzima, ama kwa mapenzi ama kwa dharau. Sarufi za kina ziliitambua hiari hiyo. Ubao wa darasani haukuwa na nafasi yake.

Udogo uliochakaa

Kama bellus ya Kilatini, baadhi ya maumbo yetu ya udogo yamechakaa. Mfano bora tunaukanyaga kila siku. Neno kisiwa lina ndugu yake siwa, ambalo kamusi hulieleza kuwa ni kisiwa kikubwa. Kwa umbo, basi, kisiwa ni siwa iliyopunguzwa. Lakini mkaazi wa Likoni au Kisauni anaposema anakwenda kisiwani, hana wazo la udogo. Kwake kisiwani ndiko mjini kwenyewe.

Kijiji nacho ni umbo la udogo la mji, lakini leo tunaweza kusema "kijiji kikubwa" bila kujipinga. Kadhalika kilima kinaweza kuwa kirefu. Na katika bandari ya kale, neno chombo, ambalo lina ki- iliyogeuka ch- mbele ya irabu, lilitaja jahazi lililovuka bahari hadi Uarabuni kama linavyotaja bakuli la jikoni. Mtahiniwa anayeandika kuwa kila ki- "inaonyesha udogo" atakuwa amepotea kama yule anayesema haionyeshi kamwe.

Kipimo ni rahisi. Jiulize kama neno lisilo na udogo lingeweza kukaa mahali pale pale. Badala ya kidau mwandishi angeweza kusema dau. Badala ya kitoto, mtoto. Hapo ki- imechaguliwa. Lakini badala ya kisiwa, leo hakuna atakayesema siwa. Hapo ki- imerithiwa tu.

Binadamu anapotiwa KI-

Tatizo hasa liko kwa binadamu. Hebu tulinganishe sentensi tatu nilizozitunga kwa ajili ya darasa:

(a) Mzee mfupi ameketi kibarazani.
(b) Kizee mfupi ameketi kibarazani.
(c) Kizee kifupi kimeketi kibarazani.

Katika (a) msimulizi anatoa habari. Katika (b) amempunguza mzee kwa nomino, lakini kivumishi na kitenzi vimemrudishia utu wake. Kuna mzaha, lakini mzaha wa jirani. Katika (c) hakuna kilichobaki cha kumrudisha. Mzee amegeuzwa kitu tangu mwanzo wa sentensi hadi mwisho. Mtu wa sentensi zote tatu ni mmoja. Kilichobadilika ni hukumu ya msimulizi.

Sasa weka "kitoto chetu kichanga kimelala" kando ya (c). Sarufi ni ile ile, hisia ni kinyume. Neno "chetu" na hali ya utoto vimeigeuza ki- kuwa ya mapenzi. Kwa hiyo umbo peke yake halitoi maana. Maana hutolewa na umbo likiwa kinywani mwa msemaji fulani, kuhusu mtu fulani.

Historia ya pwani yetu inaonyesha uzito wa jambo hili. Mtumwa wa kiume aliitwa mtwana na wa kike mjakazi. Walipokuwa wadogo waliitwa kitwana na kijakazi. Utumwa ulikoma kisheria katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907, lakini maneno hayo yamebaki katika kazi za fasihi, na msomaji aone kwamba ki- yake haikupima umri peke yake. Ilipima pia daraja.

Zingatia pia majina ya ulemavu: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Yote yamo katika umbo la KI-VI ingawa huchukua upatanisho wa A-WA. Katika miongo ya karibuni, kilema kimeachiwa nafasi na mlemavu, kisha "mtu mwenye ulemavu". Kisarufi, kilichofanyika ni kumtoa binadamu katika umbo la ki- na kumrudisha katika umbo la m-. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Mwanafunzi aliyeelewa sentensi (c) hapo juu ataielewa sheria hiyo bila kuhubiriwa.

Faida yake katika uhakiki

Nimechagua vitabu viwili ambavyo vimewahi kutahiniwa katika KCSE na ambavyo walimu wengi wanavijua.

Cha kwanza ni riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea. Watahiniwa wengi huieleza anwani kwa kutaja msemo na kuishia hapo. Lakini itazame sarufi yake. Dagaa tayari ni samaki wadogo. Kidagaa ni udogo juu ya udogo. Kiima ni kitu hicho kidogo, na kime- inaudumisha udogo wake. Binadamu yumo pia, lakini katika -m- ya mtendwa. Mtu ndiye anayefikiwa na madhara, na kitu kidogo ndicho kinachoyaleta. Riwaya nzima imo humo: Mtemi Nasaba Bora ni mkubwa wa cheo, na mambo aliyoyadharau ndiyo yanayomnukia hadharani. Tungeandika "dagaa wamemwozea" tungebaki na harufu lakini tungeipoteza kejeli.

Cha pili ni tamthilia ya Pauline Kea, Kigogo. Gogo ni kipande kikubwa cha mti. Kwa kanuni ya udogo, kigogo kingekuwa kijipande tu. Kumbe katika matumizi ni mtu mwenye mamlaka makubwa! Hapa udogo umegeuka kabisa. Na mtawala wa Sagamoyo anaitwa Majoka, jina lenye umbo la ukubwa na wingi kutokana na nyoka. Mtahiniwa makini ataona kwamba anwani na jina la mhusika zinavutana: moja ina umbo la udogo na nyingine la ukubwa, na zote zinamhusu mtawala yule yule. Zaidi ya hayo, kigogo mwenye maana ya kiongozi huchukua A-WA: "kigogo huyu ameanguka". Mtu akisema "kigogo hiki kimeanguka", amemrudisha kiongozi kuwa gogo. Mwanafunzi anaweza kuandika aya nzima ya uhakiki juu ya tofauti hiyo moja, na aya hiyo haitakuwa ya kukariri.

Hitimisho

Tumeona kwamba kivumishi cha Kilatini hujitwalia udogo chenyewe, ilhali cha Kiswahili huupokea kutoka kwa nomino. Tumeona pia kwamba upatanisho wa ki- kwa kiumbe hai ni kanuni mara moja na ni hukumu mara nyingine, na kwamba kazi ya mhakiki ni kuuliza nani anahukumu na kwa nini.

Kwa mtahiniwa, nashauri hivi. Ukitumia udogo katika insha, uutumie kwa nia na uushike hadi mwisho. Usianze na "kitoto chetu" ukamalizia na "amelala" katika sentensi hiyo hiyo bila sababu. Na katika karatasi ya fasihi, ukikutana na ki- juu ya binadamu, usiandike "anadharauliwa" kabla ya kusoma aliyesema ni nani.

Kwa mwalimu mwenzangu, ombi langu ni moja. Kabla ya kutia duara, tuulize kama mwanafunzi amesahau kanuni au amechagua. Hatuwezi kumfundisha hiari ya lugha Jumatatu na kumtoza alama kwa kuitumia Ijumaa.

Yule msichana nilimrudishia alama zake. Karibu na duara zangu nne nikaandika kwa kalamu ile ile: "Sahihi. Mwalimu ndiye aliyekosea." Alisoma, akacheka, akanionyesha sentensi iliyofuata, ambayo sikuwa nimeiona kwa haraka zangu. Kitoto kilipoamka na kuanza kupiga kelele usiku wa manane, alikuwa ameandika: "Mtoto huyu ametuchosha." Mapenzi yalipokatika, upatanisho nao ulibadilika. Sikuwa nimemfundisha hilo.